Ngamia Aliyetimiza Wajibu

Nguchiro alikuwa na kinu cha mafuta ya ufuta, na Ngamia ndiye aliyekizungusha kutwa, macho yamefungwa kitambaa. Ujira wake ulikuwa mashudu yanayobaki baada ya kukamua. Sasa hata hayo mashudu Nguchiro alianza kuyauza.

"Tajiri, nitakufa njaa," Ngamia alilalamika.

Nguchiro alikuwa ametoka hekaluni, alama nyekundu haijakauka kwenye paji la uso. "Ndugu yangu, leo tumefundishwa jambo zito. Fanya kazi kwa kuwa ni wajibu wako, usitamani matokeo yake."

"Ala! Kumbe si njaa, ni ujinga wangu tu," akasema Ngamia. "Ahsante, tajiri."

Ikafika siku ya Diwali, kila nyumba inataka mafuta ya kuwashia taa. Nguchiro, mbio mbio kutafuta wateja, akasahau kutia ufuta kinuni. Ngamia alihisi wepesi wa kinu tangu hatua ya kwanza. Siku nyingine angepiga kelele. Leo alizunguka kimya, mtulivu kama mtawa.

Jioni wateja walipanga foleni na madumu yao. Nguchiro akafunua mtungi, mkavu.

"Umezunguka kutwa! Mafuta yako wapi?"

"Mafuta ni matokeo, tajiri. Tulikubaliana tusiyatamani."

Siku hizi Ngamia anakula mashudu yake yote. Nguchiro bado anakwenda hekaluni kila asubuhi na kuvua viatu mlangoni kwa adabu. Ila akitoka huchukua viatu tu, mafundisho anayaacha hukohuko.