Kikombe cha Maji

Nyapara wa shamba la kahawa alimzaba Rozalia kofi la pili kwa sababu bisi za wageni wake zilikuwa zimegoma kupasuka.

"Mafuta yenyewe ya mgawo, halafu unayachoma bure, mwanamke we!"

Damu ilimjaa Rozalia mdomoni. Aliimeza, akajibu macho yakiwa chini, "Mahindi yamekauka mno, bwana nyapara. Uliyaanika juu ya bati wiki tatu. Maji yaliyomo ndani ya punje ndiyo yanayogeuka mvuke na kulipasua ganda. Yakiisha, haipasuki."

"Kumbe shida ni maji tu!"

Nyapara alichota kikombe cha maji ndooni, akainamia sufuria. Mafuta yalikuwa yamepata moto mpaka yanafuka moshi, na punje zimeungua nyeusi chini.

Rozalia alifungua mdomo amzuie. Ulimi wake ukagusa pengo la jino ambalo mkono ule ule ulilitoa msimu uliopita, siku alipochelewa kufika kwenye mibuni.

Akaufunga mdomo. Akarudi nyuma hatua mbili, akavuta khanga mabegani, akajifunika uso.