Inua Ulimi

"Inua ulimi," alisema Bi Mwatumu.

Kitwana akauinua. Alikuwa ameendesha lori amelewa na kumvunja mguu Salha, binti wa Bi Mwatumu, lakini hakimu hakumfunga. Alimwamuru aache pombe kwa matibabu: kila asubuhi ameze kidonge kinachomtapisha mtu akigusa pombe, tena ameze mbele ya shahidi. Bi Mwatumu ndiye aliyejitolea kuwa shahidi, maana hakumwamini hakimu wala daktari, sembuse huyu dereva.

Kinywa kilikuwa kitupu. Hata hivyo Bi Mwatumu alimkodolea macho mpaka Kitwana alipopinda uchochoroni. Muda si mrefu akasikia mtu anatapika. Akatoka mbio, kikombe cha maji bado kiko mkononi.

"Nilijua tu! Unakimeza kwangu, unakuja kukitapika huku!"

Kitwana alikuwa amepiga magoti, macho yamemwiva, jasho linamtiririka. Kando ya goti lake palilala chupa ndogo ya gongo.

"Vidonge sijakudanganya, mama," alisema akihema. "Nimevimeza vyote. Ningekuwa navitema, hii gongo ingekaa tumboni."

Bi Mwatumu aliitazama ile chupa. Neno lake moja kwa hakimu, na Kitwana angelala jela, kulekule mama huyo alikotaka alale tangu mwanzo.

Kitwana akanyoosha mkono kuomba maji. Nyuma, mkongojo wa Salha ulikuwa unakuja taratibu, ukigonga mawe ya uchochoro. Bi Mwatumu hakumpa kikombe, wala hakuyamwaga maji.