Mrehani wa Sabaha

Chiku aliuchomoa mrehani kwenye chungu, mizizi na udongo vyote, akaunusa, akakunja uso.

"Baba, huu unaumwagilia mara ngapi?"

"Kila nikipita karibu yake," alisema Abdulmajid.

"Na unapita mara ngapi?"

"Nyumba yenyewe ndogo."

Muuza miche alimtazama vizuri. Alikuwa mtu mzima, kofia safi, kanzu imepigwa pasi upande wa mbele tu. Alikuwa ametembea na chungu hicho kwapani kutoka Mchafukoge mpaka Gerezani, akipenya kwenye maduka ya vipuri, na majani ya mrehani yalikuwa yamelala kama nguo iliyoloa.

"Mizizi imeanza kuoza. Unaona ilivyo myeusi? Mrehani ukinyweshwa sana unasinyaa kama wenye kiu. Mtu anaongeza maji, ndiyo anaumaliza kabisa. Ni wako?"

"Wa mke wangu. Sabaha ndiye aliyekuwa anauangalia. Lakini tangu msiba..."

Aliinama kuokota jani lililoanguka.

"Pole sana, baba. Mungu amlaze marehemu mahali pema."

"Amina."

Chiku alikata mizizi mibovu, akapunguza matawi, akatoboa matundu chini ya chungu, akajaza udongo mpya uliochanganywa na mchanga. "Usimwagilie mpaka uguse kwa kidole uone pakavu. Na uupeleke juani."

Juani. Flati ilikuwa ghorofa ya tatu, na dirisha la jikoni lilikuwa likipata jua la asubuhi, mpaka lilipoinuka jengo jipya ng'ambo ya uchochoro. Sasa dirisha lilitazama ukuta.

Tangu mikeka ya matanga ilipokunjwa na ndugu wakarudi makwao, kimya kilikuwa kimehamia mle ndani. Abdulmajid alilala kwenye kochi, kitanda hakukisogelea. Kila asubuhi alimimina chai vikombe viwili. Chake alikinywa amesimama. Cha pili alikifunika kwa kisahani, akakiacha mezani. Redio aliifungua kwa sauti ya chini mno, hata habari zenyewe hakuzipata. Mara moja moja, akiwa jikoni, aliita, "Sabaha." Kisha alisikiliza. Zilikuja honi za bajaji na kelele za wauza nguo chini mtaani, hakuna kingine. Hapo ndipo alipokuwa akichukua jagi na kuumwagilia mrehani. Angalau huo ulikubali kufanyiwa jambo.

Sasa jagi alilifungia kabatini. Kila asubuhi alipanda na chungu mpaka juu ya paa, kwenye matenki ya maji na kamba za kuanikia, akakaa kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jua likizidi ukali aliufungulia mrehani mwavuli, mwenyewe akabaki na kofia yake.

Shadya, jirani wa mlango wa pili, alimkuta hapo alipokuja kuanika.

"Shikamoo, Baba Hashimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Njoo ule kwetu leo. Usijifungie humo kila siku."

"Siwezi kuiacha nyumba muda mrefu."

Shadya alibana shuka kwenye kamba, taratibu, kama anayetafuta neno. "Bado kimya?"

"Kimya."

"Itachukua muda, baba," alisema.

Majani ya chini yalianguka yote. Abdulmajid aliyaokota moja moja, akayatia mfukoni, akaona ameshindwa hata na hili. Alimkumbuka Sabaha wa zamani akipita ukumbini na kitawi cha mrehani kwenye nywele, harufu ikitangulia, nyumba nzima ikijua alipo. Alikumbuka alivyokuwa akiimba akipepeta mchele. Makaburini hakuwa amerudi tangu mazishi. Ijumaa ikifika alijiandaa, akafika mlangoni, akashika komeo, akarudi kukaa. Hakuweza kwenda peke yake, tena mikono mitupu.

Kisha, asubuhi moja kule juu, aliona vichipukizi viwili kwenye shina alilokwisha kulikatia tamaa. Vilikuwa vidogo kama kichwa cha kiberiti, rangi ya kijani iliyopauka. Alivigusa. Harufu ikamganda kidoleni. Aliinusa, akajificha kati ya mashuka ya watu yaliyoanikwa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia mpaka akatosheka.

Alipokuwa akishuka ngazi alikutana na Shadya tena. Safari hii yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Umechipua," alimwambia, akimwonyesha chungu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Mrehani haukuwa na haraka. Lakini mvua za vuli zilipoanza ulikuwa umejaa chungu chote, na mtu akipita jikoni kanzu ikiugusa, harufu ilimfuata mpaka ukumbini.

Ijumaa ile, aliporudi kutoka msikitini, Abdulmajid hakuvua kanzu. Alikata matawi machache yaliyonyooka, akayafunga kwa uzi mweupe. Akasimama ukumbini. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakampotea.

Akaenda kwenye mlango wa chumba cha kulala. Akabisha hodi.

"Sabaha," aliita. "Mrehani wako umepona."

Kitanda kililia. Miguu ikaburuzika sakafuni. Mlango ukafunguka, na mkewe akatokea, amekonda, macho mekundu, akayapokea yale matawi na kuyashika puani kwa muda mrefu.

"Nisubiri nivae baibui," alisema. "Twende wote kwa Hashimu wetu. Asione tumemtupa kule peke yake."