Komeo la Nje

Nilipotoka jikoni nilikuta mlango wa chumba cha wasichana umetiwa komeo jipya, kwa nje. Mwenyekiti wa bodi ya shirika letu la kulea watoto alikuwa amemleta fundi bila kuniuliza.

"Mmoja akitoroka tena, mama, wafadhili tutawaambia nini? Usiku uwe unawafungia."

Komeo lilikuwa la chuma kinene, bado linanuka grisi. Fundi aliuona uso wangu, akaanza kukusanya vifaa vyake taratibu.

Shirika hili lilianza kwa komeo kama lile. Mama mmoja alichoka kusikia mtoto wa jirani akilia nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje. Akaja na mchi wa kinu, akaligonga mpaka likang'oka. Wenye nyumba walimporomoshea matusi; yeye akambeba mtoto mgongoni, akaenda zake. Baadaye akaletewa wengine. Sote tulimwita Bibi mpaka anafariki. Yule wa mgongoni ni mimi.

"Linafunga vizuri?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Imara kabisa."

"Hebu ingia ukague na madirisha."

Aliingia, mikono nyuma. Nikavuta mlango, nikasukuma komeo. Lilifunga vizuri kweli.

Wasichana walijaa kwenye korido. Mlango uligongwa kwa kidole, halafu kwa ngumi.

"Mama, fungua. Huu si mchezo."

"Si mchezo, mheshimiwa."

Fundi alichomoa bisibisi ili aling'oe lile komeo. Nikamwambia airudishe mfukoni.

"Nileteeni mchi," niliwaambia wasichana.