Ekseli ya Lori

Mara mbili Mzee Shekue alilipandisha gari lake mlimani, na mara mbili ekseli ya nyuma ilikatika kabla hajafika kileleni. Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, lenye injini yenye nguvu kuliko vyuma vilivyoibeba. Kila mara alivutwa kurudi mjini akilalamika, huku moyoni akiona nafuu. Ng'ambo ya mlima aliishi binti yake, Mwajabu, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyumbani miaka tisa iliyopita, na sasa alikuwa amejifungua.

Safari hii mkewe, Bi Kidawa, alinunua ekseli ya lori bila kumwuliza. Fundi aliikata, akaichomelea, akaifunga.

"Hii haikatiki, mzee," alisema fundi akijifuta mikono.

Shekue alilizunguka gari. Alikaza nati zilizokwisha kukazwa, akainuka, akainama tena.

"Bado imelegea."

"Haijalegea," alisema Bi Kidawa, aliyekwisha kukaa ndani na kanga za mtoto mapajani. "Ingia, baba Mwajabu."

Mlimani alikanyaga mafuta kwa nguvu, ametega sikio asikie chuma kikivunjika. Hakikuvunjika. Kileleni alisimamisha gari mwenyewe, injini ikiendelea kunguruma. Bondeni, katika ua mmoja, mwanamke alikuwa akianika nepi. Aliposikia mngurumo aliinua uso, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu.