Almasi ya Enzi za Mishumaa

Sufuria iligonga jiko kabla hakujapambazuka. Mjukuu wangu alikuwa akipasha maji ya sabuni, ili pete aliyonivisha babu yake initoke kidoleni bila kuniumiza.

"Fundi wa vito akiikata upya almasi hii, Bibi, itameremeta harusini kwangu. Sasa imefifia kama jicho la paka mzee."

"Ilikatwa kwa mkono, enzi za mishumaa. Taa za umeme haizijui."

Alikaa, akasimama, akachungulia dirishani. Pete iliponitoka, akaiweka kiganjani, akawasha mshumaa, kunitania tu. Jiwe likaiva wekundu ndani, taratibu, kama kaa linalopulizwa.

Kulipoanza kucha, simu ikaita. Alikuwa fundi. Mjukuu wangu hakupokea. Aliikodolea macho pete kwenye kiganja chake chenye povu.

"Pokea, mke mwenzangu," nikamwambia. "Ni yako sasa. Uikate, usiikate, ila uje tena, nikuone umeivaa."