Waraka wa Padri Korongo

Miaka saba Simba na Fisi walipigania bonde, na waliokufa wengi walikuwa Swala, wasio na upande wowote. Mama Swala, aliyebakiwa na mtoto mmoja, akamsihi Padri Korongo aandike waraka. Korongo akaandika kwamba vilivyomo duniani viliumbwa kwa ajili ya wote, na vikigawanywa kwa haki, amani huja.

Waraka ukasomwa baada ya misa. Simba alilia. Fisi aliomba nakala yenye muhuri, akaunda kamati, na vita vikaisha siku hiyohiyo. Mama Swala alipiga vigelegele kuliko wote.

"Na sisi, mheshimiwa, tumepangiwa nini?"

"Mama, kwani hukusikiliza?" Fisi akafungua faili. "Mmegawanywa kwa haki kabisa. Wewe upande wa Simba, mtoto upande wangu."